Bi Ardis Anaangalia Shamba

Tangu pikapu yake itoke gereji, Ardis Tollefson alikuwa amesifu mashamba ya karibu nusu ya usharika. Si kwamba aliyapenda. Kwao Nordby, mji mdogo, watu wanalima viazi vya kutengenezea sukari, na kiazi cha sukari ni kitu kibaya, cha rangi ya tope, kisicho na uso wala kisogo. Mwanamke aliyezaliwa, akaolewa na akafiwa katikati ya viazi hivyo hana kipya cha kuangalia. Lakini afanye nini? Gari limemzimikia katikati ya barabara ya wilaya, amepiga starta mpaka imechoka, mara jirani anasimamisha lori lake, anashusha kioo, anauliza kama kuna usalama. Ardis anasema upo. Jirani anauliza kama anahitaji msaada. Hapana, anasema, asante, nimesimama tu naangalia shamba. Jirani naye inambidi ageuke alitazame shamba, kwa kuwa ndiyo adabu, aseme kwamba mwaka huu vimekubali. Kisha anaondoka polepole asije akaonekana anakimbia.

Nchi ya Bonde la Red River ni tambarare hivi kwamba gari likikwama hapa Nordby, wenye macho mazuri wanaliona wakiwa Vang, mji wa jirani, na wasio na macho mazuri wana simu. Ardis alilijua hilo. Alijua pia kwamba ukweli wenyewe ungesemeka kwa maneno mawili, gari linazima, na biashara ingeishia hapo. Tatizo ni kwamba lilitengenezwa na Verlyn Haugen.

Verlyn ndiye fundi wa Nordby, na hakuna mwingine. Ni mtu wa miraba minne, mikono yake inajaza dirisha, lakini haya zake ni za mwari. Ardis alimfundisha shule ya Jumapili akiwa na meno ya utoto, na mpaka leo, mvi zimeshamwingia, bado anamwita mwalimu. Mwaka ule Orville, mume wa Ardis, alipofariki, Verlyn alikuwa akija asubuhi na mapema kuondoa theluji uani kwake, na kila Ardis alipofungua mlango amshukuru, alikuta koleo limeshapita na mtu hayupo. Sasa mtu kama huyo amekufungia pampu mpya ya mafuta, amekusafishia kabureta mpaka inang'aa, umwendee umwambie kazi yako haifai? Ardis angeona afadhali aile hiyo kabureta.

Siku alipolichukua gari, Verlyn alimuuliza anaionaje kazi, naye akajibu, "Si mbaya." Nordby neno hilo linabeba mengi. Mavuno yakivunja rekodi, si mbaya. Ghala likiungua moto, si mbaya. Verlyn alilichukua kwa upande wa mavuno akaenda zake ameridhika.

Tena kulikuwa na jambo la pili, ambalo Ardis hakutaka hata kulifikiria. Kwa miaka mingi mdomo wa tangi la ile pikapu, ulio nje nyuma ya mlango wa dereva, ulikuwa unazibwa na leso nyekundu ya Orville. Kifuniko chenyewe kilidondoka safarini huko Dakota, Orville akaahidi kununua kingine, na aliendelea kuahidi mpaka anaingia kaburini. Gari liliporudi kutoka gereji, leso haikuwepo. Mahali pake palikuwa na kifuniko kipya, cheusi, chenye mpira mnene kwa ndani. Verlyn hakukitaja. Ardis akaelewa kwamba ni zawadi, naye hakukitaja. Mtoa zawadi wa Nordby hajitangazi, na mpewa hapigi kelele, maana ukishukuru sana ni kama unakiri kwamba hali yako ilikuwa inatia aibu. Basi siku ile walisimama kando ya gari, wakatazama mawinguni wakazungumza habari za mvua.

Lakini ilimuuma. Kila alipojaza mafuta alikuwa anaichomoa ile leso, anaikunjakunja, na kwa dakika ile ni kama Orville yuko upande wa pili wa gari anasubiri amalize. Sasa alikuwa anazungusha kipande cha plastiki.

Ndipo gari likaanza vituko vyake. Mjini, kutoka kanisani hadi dukani, lilikuwa halina neno. Likishika barabara ndefu ya Vang, linakwenda vizuri, kisha linakohoa, linalegea, linakufa. Mara ya kwanza Ardis alidhani mafuta yamekwisha. Geji ya mafuta iliacha kufanya kazi zamani, kwa hiyo nyuma ya kiti kulikuwa na rula ndefu ya mbao ya kupimia. Akaitoa, akafungua kifuniko, na gari likashusha pumzi ndefu kama mtu aliyefiwa. Akachovya rula. Mafuta tele. Akafunga, akawasha, likawaka bila ubishi, likaenda. Mara ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Ardis hakuwa mtu wa ushirikina, ni Mlutheri wa kuzaliwa, lakini hatimaye alifikia uamuzi wake: gari hili linataka kupimwa. Na kwa kuwa alijua maneno hayo yanasikikaje yakitoka kwa mwanamke wa umri wake, alikaa nayo.

Pale mkahawani, ambako wazee hunywa kahawa mpaka wake zao wawapigie simu, habari zilikuwa zimeshaiva. Delmar Brekke, ambaye shamba lake lilisifiwa kuliko yote, alimkaribisha kwa sauti ya watu wote kusikia.

"Ardis, wakija watu wa kiwanda kukagua viazi nawaleta kwako. Mimi mwenyewe sivitazami hivyo, na vimenilisha maisha yangu yote."

"Ungevitazama vingenyooka," Ardis akamjibu, na wazee wakacheka. Delmar ndiye aliyecheka zaidi, kisha akaenda nyumbani akampigia simu Loren.

Loren ni mtoto wa pekee wa Ardis. Anauza bima, na kazi hiyo imemharibu: hawezi kuona ngazi bila kuona mtu ameanguka. Simu zilikuwa zinamjia, na zote zilianza na "sitaki kuingilia mambo ya watu." Mama yako anasimama katikati ya barabara. Ameshika rula. Anakodolea macho viazi. Mmoja aliapa kwamba alimwona akizungumza na gari, na hakutia chumvi, maana ile pumzi ilikuwa nzito hivi kwamba Ardis aliona si vizuri kunyamaza, akaliambia pole.

Loren alikuja jikoni kwa mama yake. Alikataa kahawa mara mbili, akaipokea ya tatu, kama alivyolelewa.

"Mama, watu wanasema unasimamasimama njiani."

"Delmar."

"Si Delmar peke yake. Ukisimama unafanya nini?"

"Naangalia shamba."

"Mama, wewe viazi vya sukari huvipendi. Umesema hivyo maisha yangu yote."

"Mtu hubadilika, mwanangu."

Jibu hilo ndilo lililommaliza Loren. Macho yalimwiva, na Ardis akaona kwamba hakuja kumgombeza, alikuja akiwa na hofu. Taratibu akamweleza alichoamua. Jumapili kuna chakula cha mavuno kule kanisa la Vang. Ardis ataendesha, yeye atakaa pembeni. Akifika bila kusimama kuangalia kitu chochote, hatasikia tena habari hizi. Akisimama, funguo anazitoa. Hatakosa usafiri, kuna basi dogo la wazee, tena lina joto, linapita Jumanne.

Ardis alisema basi la Jumanne si baya. Moyoni lakini baridi ilimwingia. Orville amezikwa kando ya barabara ya Vang, mahali ambapo basi halipiti. Ardis alikuwa anakwenda kumwona siku yoyote anayojisikia, bila kuomba ruhusa, bila kumwambia mtu. Akili zake zilikuwa timamu na alilijua hilo, lakini njia ya kulithibitisha ilikuwa kumtaja Verlyn, na akisema gari ni bovu, Loren ataliuza kabla ya theluji, na kabla ya jioni Verlyn atakuwa ameambiwa na watu kwamba mwalimu wake analalamika. Aliigeuza akaigeuza, akaona pande zote zina miiba.

Ijumaa simu ikalia. Alikuwa Verlyn.

"Mwalimu, sijui kama nitakuwa nasumbua. Jumapili mnakwenda Vang? Gari langu liko juu ya jeki."

"Lina nini?"

"Aa, kitu kidogo tu."

Asubuhi ileile Ardis alimwona Verlyn akipita nalo, tena alimpungia mkono. Akaelewa kwamba maneno ya mkahawani yamemfikia fundi, na kwamba fundi anataka kulisikiliza gari kwa masikio yake bila kuuliza swali linaloweza kumwaibisha mtu. Verlyn naye, kwa jinsi alivyokohoa, alijua kwamba ameeleweka.

"Tutabanana," Ardis akasema.

Jumamosi akajaza tangi mpaka likafurika, ili kama kuna kitu gari linakitaka, siku hiyo lisikose.

Jumapili walipanda watatu kwenye kiti kimoja. Ardis kwenye usukani, Loren katikati, magoti yamekumbatia gia, na Verlyn mlangoni, amepakata bakuli la Ardis, la nyama ya kusaga iliyofunikwa viazi mviringo, limetoka jikoni sasa hivi, limeviringishwa taulo. Loren alimtazama mama yake. Verlyn aliinamisha kichwa akalisikiliza gari. Ardis alitazama barabara, akakwepa viazi vilivyodondoka kwenye malori ya mavuno, akazungumza kuhusu baridi. Walikubaliana wote kwamba baridi ipo. Wakapita maghala ya nafaka, wakapita makaburi, na Ardis akaomba Mungu, kisha akaona si vibaya kumwomba na Orville.

Wakiwa usawa wa shamba la Delmar, gari likakohoa.

Ardis alikanyaga mafuta, akaachia, akakanyaga. Gari likalegea, likajikokota mpaka ukingoni mwa barabara, likafa. Mvuke wa nyama ukajaa garini.

"Mama," Loren akasema kwa sauti ndogo.

"Naangalia shamba tu," Ardis akasema. Lilimtoka lenyewe, kwa mazoea, kabla hajalishika.

Verlyn akageuza shingo akatazama dirishani. "Mwaka huu vimekubali," akasema.

Loren akafumba macho, kisha akafungua kiganja chake, akakiweka juu ya goti karibu na usukani. "Funguo, mama. Nakuomba."

"Ngoja kwanza nilipime," Ardis akasema, akaingiza mkono nyuma ya kiti akatoa rula. Alipoiona, Loren alijishika paji la uso kwa mkono mmoja. Ule mwingine aliuacha palepale, umefunguka.

Ardis akashuka, akazungusha kifuniko, na gari likashusha pumzi yake ndefu. Mlango wa upande wa pili ukafunguka kwa kishindo. Verlyn alikuja akizunguka mbele ya gari mbiombio, bakuli bado liko mikononi.

"Mwalimu, hiyo sauti. Huwa linaitoa?"

"Kila mara."

"Kila mara lini?"

Hapo Ardis akakwama. Kulijibu swali hilo ni kusema gari linazima, na kusema gari linazima ni kusema yote. Akamtazama Verlyn. Wekundu ulikuwa umeanza shingoni mwake unapanda taratibu, ukapita mashavuni, ukafika kwenye masikio. Macho yake yalikuwa kwenye kile kifuniko. Ardis naye akakitazama, kiko mkononi mwake, cheusi, kizuri, na ule mpira wake mnene, akakumbuka kwamba katika miaka yote ya leso gari halikuwahi kuzima njiani. Akaelewa. Akaona pia kwamba Verlyn ameshajua kuwa ameelewa, na jambo hilo lilikuwa baya kuliko yote yaliyotangulia.

Loren alikuwa ameshashusha kioo, anawasikiliza. Ardis alimwona mtoto wake, akaliona basi la Jumanne, akamwona na yule mtu mkubwa aliyeondoa theluji gizani asije akashukuriwa, amesimama barabarani na bakuli la nyama, hana pa kuuficha uso wake. Akavuta pumzi.

"Labda ni mimi tu, Verlyn," akasema. "Siku hizi nasahau mambo."

Lori la viazi likapita, dereva akapunguza mwendo, akawaona wote watatu, akapunga mkono, akaenda. Verlyn akalisubiri litokomee.

"Si wewe, mwalimu. Ni mimi." Akamgeukia Loren, na maneno yakawa yanamtoka moja moja. "Hicho kifuniko nilikiweka mimi. Nilitaka kumpa mama yako kitu kizuri."

Kulisema hilo mchana, barabarani, mbele ya mtoto wa mtu, kwa mtu wa Nordby ilikuwa ni sawa na kuvua suruali kanisani. Lakini alipokwishafika hapo hakuwa na cha kubakisha, akaeleza yote. Kifuniko ni cha magari ya siku hizi, kinabana, hakipitishi hewa, na pikapu ya zamani kama hii inavuta hewa kupitia kwenye kifuniko chake. Mafuta yakitoka na hewa isiingie, tangi linanyonywa kama chupa ya mtoto mchanga, mpaka inafika mahali mtoto ananyonya na hakuna kinachotoka. Ukijaza tangi pomoni ndiyo inakuwa mapema zaidi. Ukifungua, hewa inaingia, gari linapona. Yeye alilijaribu kwa kuzunguka mjini tu, na safari fupi haionyeshi kitu. Leso ya Orville, na mafuta yake yote yaliyogandamana, ilikuwa inapitisha hewa vizuri kabisa.

"Mama yako kichwa chake ni kizima kuliko changu," akamaliza. "Gari lilikuwa linakabwa koo, naye alikuwa analifungua kila siku."

Loren akamgeukia mama yake. "Kwa nini hukusema linazima?"

"Wewe ungemwambia mtu kwamba zawadi yake inaua gari lako?"

Loren anauza bima, lakini amezaliwa Nordby. Alilifikiria swali kwa haki. "Hapana," akasema.

Verlyn alikohoa, akasema leso imo kwenye kisanduku cha mbele, kule garini. Mke wake aliifua akaipiga pasi. Imekuwa humo siku zote, alifikiri mwalimu ataikuta mwenyewe. Loren akafungua kisanduku, akaitoa, imekunjwa pembe nne, akaipitisha dirishani. Ilikuwa inanukia sabuni. Ardis aliikunjua, akaishika, macho yakamjaa machozi, akasema upepo leo ni mkali. Wanaume wote wawili wakakubali kwamba ni mkali, ingawa hata majani ya viazi yalikuwa yametulia. Kisha akaisokota kama alivyokuwa akiisokota Orville, akalizibia tangi.

"Nitakutafutia kifuniko cha sawasawa, chenye tundu," Verlyn akasema. "Leso si salama, mwalimu."

"Usijisumbue."

"Si usumbufu."

"Basi usilete cheusi," Ardis akasema, na wote wawili wakashtuka kidogo, maana tangu wafahamiane hawakuwahi kuambiana wazi hivyo.

Wakapanda. Ardis akazungusha ufunguo, gari likawaka mara moja. Kiganja cha Loren kilikuwa bado kimefunguka juu ya goti lake, mwenyewe ameshakisahau. Ardis akaweka humo kile kifuniko cheusi, akamkunja vidole kimoja kimoja.

"Shika," akasema. "Si uliomba kitu?"

Vang walifika chakula bado cha moto, na bakuli la Ardis lilimalizwa lote isipokuwa kipande cha mwisho, ambacho watu walikataliana kwa adabu mpaka kikapoa. Kuhusu kifuniko hakuna aliyesema neno. Loren alikuwa nacho mfukoni, na mara mbili Ardis alimwona akikishika.

Wakati wa kurudi jua lilikuwa bado liko juu. Gari lilipita shamba la Delmar bila hata kikohozi, likakaribia makaburi, na hapo likapunguza mwendo, likasogea ukingoni, likazima. Loren alikaa wima ghafla. Verlyn, bakuli tupu mapajani, akatega sikio.

"Limezima, mama?"

"Nimelizima mimi," Ardis akasema. Alikuwa amegeuka, anatazama ng'ambo ya uzio, kule jiwe la Orville lilipo. Loren naye alitazama upande huo. Walikaa hivyo muda aliotaka Ardis. Kisha akawasha gari, akawarudisha nyumbani.